Chura Afukuaye kwa Pua

Mkulima apaliliapo kando ya mfereji, iwe Bura au katika mashamba ya ukingo wa Tana karibu na Garissa, mara nyingine jembe lake humtoa ardhini chura mnene mwenye kichwa kidogo kilichochongoka, macho madogo na ngozi laini ya madoadoa. Wengi humwua papo hapo. Huko ni kumwua mfanyakazi asiyedai mshahara, kwa maana chakula chake ni mchwa na sisimizi, naye hali mmea wowote.

Wataalamu humwita Hemisus marmoratus, na aliandikwa kwanza mwaka 1854 kutoka Msumbiji. Vyura wengi wachimbao huingia ardhini kinyumenyume kwa miguu ya nyuma. Huyu huanza kwa kichwa: ncha ya pua yake ni ngumu, na mikono yake mifupi ina nguvu ya kusukuma udongo.

Mvua ya Garissa ni kama milimita 300 tu kwa mwaka, tena si ya kutegemewa. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 misimu mitano ilipita bila mvua ya kutosha, kisha mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko. Mnyama ambaye ngozi yake hupitisha maji hawezi kukaa juani katika nchi kama hiyo, kwa hiyo hujizika. Mvua ikinyesha, hutokea usiku, na watu husema ameanguka kutoka mawinguni!

Jambo ambalo wengi hawalijui ni uzazi wake. Jike hatagi majini. Huchimba chumba katika udongo wenye unyevu, ukingoni mwa kidimbwi au silanga ambayo bado haijajaa, na dume humng'ang'ania mgongoni akiburutwa shimoni. Jike hutaga mayai humo na kuyalinda. Maji yakipanda hufika shimoni na kuwachukua viluwiluwi; yasipofika, mama huweza kuwachimbia njia ya kwenda majini. Mvua ikikatika mapema, hao wote hufa.

Basi ukingo wa silanga ndio nyumba yao, na hapo ndipo mkulima huwadhuru asipojua. Kuchimbua matope ya silanga ni kazi njema, lakini ifanywe wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za gu au deyr. Afadhali upande mmoja uachwe bila kuguswa mwaka huo. Chura akitolewa na jembe, mrudishe penye udongo wenye unyevu, umfunike.

Hatari kubwa kuliko jembe ni dawa ya wadudu. Chura hunywa kwa ngozi, kwa hiyo sumu iliyomo majini humwingia bila yeye kufungua kinywa. Usioshe pampu ya kunyunyizia silangani wala mferejini, wala usimwage humo dawa iliyobaki. Mbuzi wako hunywa hapo, na pengine watoto wako pia.

Chura huyu hayumo katika hatari ya kutoweka duniani. Makao yake yanaanzia Senegal hadi Somalia, na kusini hadi Afrika Kusini. Lakini silanga iliyotiwa sumu hupoteza vyura wake yenyewe, na mchwa wa shamba lililo karibu nayo hubaki bila adui huyo.

Ukitaka kujua kama wangalipo kwako, nenda silangani usiku baada ya mvua ya kwanza. Dume huita kwa mlio mrefu mwembamba, unaofanana zaidi na wa mdudu kuliko wa chura.