Nyakato mpaka Nyakato: Njia aliyotembea Mwalimu yadai baiskeli

Musoma. Kanda ya Ziwa ina Nyakato mbili, na mgeni akizichanganya usimcheke. Moja ni kata ya Manispaa ya Musoma. Nyingine ipo Ilemela, Mwanza, unapoingia jijini ukitokea huku huku Mara. Kati yake kuna lami ya takribani kilomita 220, na hiyo si lami ya kawaida.

Oktoba 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitoka kwao Butiama akaenda Mwanza kwa miguu. Alikuwa Rais, gari analo na walinzi anao, lakini alikata zaidi ya kilomita 200 akiunga mkono Azimio la Arusha lililotangazwa Februari mwaka huo. Alikuwa anakwenda kwenye mkutano wa TANU. Mwaka huohuo kijana Seti Benjamin alifia njiani akitembea kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya Azimio hilohilo.

Nchi nyingine zikiwa na njia yenye historia kama hii, zinaichora kwenye ramani, zinaweka vibao na kuwaita watu waje kutembea na kuendesha baiskeli. Sisi tumeachia mabasi na malori.

OKTOBA WANAKUJA, KISHA KIMYA

Si kwamba watu hawaitaki njia hii. Kwa miaka kadhaa sasa, waendesha baiskeli wa msafara wa Twende Butiama wanatoka Dar es Salaam, wanakata zaidi ya kilomita 1,000 na kuingia Butiama kwa ajili ya Oktoba 14, siku aliyofariki Mwalimu mwaka 1999. Njiani wanapanda miti na kugawa madawati shuleni. Wakifika Mwitongo, lilipo kaburi la Mwalimu na makumbusho yake, ni shangwe tupu.

Shida ipo Oktoba 15. Msafara ukiondoka, barabara inabaki na wenyewe: mwanafunzi anayewahi namba, mchuuzi wa dagaa aliyefunga ndoo nyuma ya Phoenix, mama anayetembea na mzigo kichwani. Hawa hawana gari la kuwasindikiza. Nje ya miji wanabanana ukingoni mwa lami, na basi likipiga honi wanarukia kwenye majani. Hao hakuna anayewapigia makofi, ingawa kilomita wanazokata kwa mwaka zinaweza kumshinda mshindani yeyote mwenye jezi.

Kwa hiyo tukizungumzia njia ya baiskeli na miguu kutoka Nyakato hadi Nyakato, tusiione kama mradi wa watalii peke yao. Kikosi cha kwanza ni hao wa kila siku. Wageni waingie kama wachezaji wa akiba, na wakiingia vizuri watafunga magoli.

RAMANI IPO TAYARI

Hebu ichore kichwani. Unaanzia Musoma mjini, pale Shule ya Msingi Mwisenge alikoanza masomo Mwalimu mwaka 1934. Kutoka kwao hadi hapo ni zaidi ya kilomita 40. Unapita Nyakato, unakwenda hadi Makutano, unakata kwenda Butiama. Ukishatembelea Mwitongo unarudi barabara kuu na kushika Kiabakari, kulikokuwa na mgodi wa dhahabu tangu enzi za mkoloni. Kisha Bunda, Lamadi, Magu, Daraja la Simiyu, Kisesa, halafu Nyakato ya pili.

Kwa mwendesha baiskeli wa kawaida hizo ni siku tatu au nne bila kujiua. Kila anapolala kuna anayepata hela: mwenye gesti, mama ntilie, fundi baiskeli.

Jirani zetu wameshaonyesha. Rwanda wana njia yao pembeni ya Ziwa Kivu, Congo Nile Trail, yenye kilomita 227. Ni urefu karibu sawa na huu wetu, na nayo ni ya miguu na baiskeli. Sehemu kubwa wala haina lami, ni barabara za vumbi zilizounganishwa kwa vibao na sehemu za kulala. Nchi hiyohiyo Septemba 2025 iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani mjini Kigali, ya kwanza kufanyika Afrika. Mwaka mmoja kabla, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kuvaa jezi ya kijani hadi mwisho. Afrika Mashariki inakanyaga pedali, na Kanda ya Ziwa, ambako baiskeli ni usafiri na pia ni mbio, imekaa benchi.

ARDHI, TEMBO NA BODABODA

Swali la kwanza la mwananchi wa Nyakato litakuwa moja: nyumba yangu itapona? Ni swali la haki. Watu wanazijua alama za X ukutani. Ila hapa kuna nafuu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 45 hadi 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Njia ya baiskeli na miguu inahitaji mita tatu tu, baiskeli mbili zipishane na mtembea kwa miguu apate pa kupita. Nje ya miji inaweza kukaa ndani ya hifadhi iliyopo bila kumega shamba la mtu. Mjini ndipo patakuwa na kazi, na huko mazungumzo na fidia vitangulie kabla ya greda.

Swali la pili ni wanyama. Kati ya Bunda na Lamadi barabara inapakana na Serengeti, na lango la Ndabaka lipo pale pale kando. Tembo hasomi kibao. Kipande hicho kipitwe mchana tu, kwa saa zilizotangazwa na chini ya uangalizi wa watu wa hifadhi. Uzuri ni kwamba hakuna mwendesha baiskeli atakayelalamika kuambiwa asubiri pundamila wapite.

Swali la tatu tunalijibu kwa kuitazama Dar es Salaam. Barabara ya Morogoro ilipojengewa njia ya mabasi ya mwendokasi, iliwekewa na njia za baiskeli. Kilichofuata kila mtu anakijua: bodaboda wakaingia, wamachinga wakapanga bidhaa. Kumwaga lami na kuondoka haitoshi. Zinatakiwa nguzo fupi za kuzuia pikipiki, vivuli vya miti, na halmashauri inayokagua kila wiki.

PASI YA KWANZA

Kilomita 220 kwa mpigo mmoja ni ndoto ya gharama, na ndoto za gharama hapa nchini huishia kwenye makabrati. Kwa hiyo ianze pasi fupi: Musoma hadi Butiama, zaidi ya kilomita 40. Kipande hiki kina shule, kina soko, kina Mwitongo, na hakigusi mpaka wa Serengeti. TANROADS wana hifadhi ya barabara, halmashauri za Musoma na Butiama zina watu wanaoihitaji kesho asubuhi.

Mara imezoea kupiga kelele kwa ajili ya Biashara United, na kelele hizo ziliwahi kuifikisha timu Ligi Kuu mwaka 2018. Safari hii kelele ziende kwenye mikutano ya kata na vikao vya madiwani, bajeti inapopangwa. Mtoto wa Nyakato anayekwenda shule kwa baiskeli hahitaji medali. Anahitaji mita tatu ambazo basi haliwezi kuingia.