Juu ya Kuchonga na Kufinyanga: Maneno ya Kazi ya Vinyago katika Viunga vya Dar es Salaam

Msafiri atokaye mjini Dar es Salaam kwa njia ya Bagamoyo, akiisha kupita Kijitonyama, hufika Mwenge. Asipoviona vibanda vya vinyago kwa macho atavijua kwa masikio, kwa kuwa nyuma ya vibanda hivyo tezo hugonga mpingo tangu asubuhi hata jua kuchwa. Mahali hapo, katika wilaya ya Kinondoni, wachongaji walikusanyika katika miaka ya 1980, na aghalabu yao ni Wamakonde, au watoto na wajukuu wa Wamakonde waliotoka ng'ambo ya mto Ruvuma. Wengine hukaa mbali, upande wa Temeke na Mbagala, ambako njia ya Kilwa huwaingiza mjini watu wa kusini.

Sifa za vinyago hivyo zimekwisha kuandikwa na wengi. Sisi twataka kuangalia maneno ya kazi yenyewe, kwa sababu siku hizi, si mbali na mlio wa tezo, katika vyumba vya Sinza na Kijitonyama, wako vijana wafanyao viumbe vya kila namna, watu na majoka na mazimwi, pasipo mti wala chuma, juu ya kioo cha kompyuta. Ukiwauliza wafanya nini, hukosa kitenzi. Huyu asema "nachonga", yule "natengeneza", na wa tatu huazima neno la Kiingereza akalivika kiambishi chetu. Twaona shida hiyo si ndogo. Mtu asiye na jina la kazi yake huifuata kazi kwa jina la mwingine, na pamoja na jina huchukua na sura.

Katika Kiswahili, kuchonga ni kupunguza kwa ukali wa chuma. Twachonga mpini, twachonga dau, twachonga kalamu ya risasi. Wazee wa makabila mengine walichonga meno. Hata greda la serikali husemwa kwamba lachonga barabara. Katika hayo yote kitu kilikuwa kikubwa kikawa kidogo, na kilichoanguka hakirudi. Kufinyanga ni habari nyingine kabisa: udongo ulio laini hupokea na kutoa, mkono waongeza, wapunguza, wakunja, wabomoa, kisha waanza tena. Tena kuna kusubu, yaani kumimina madini katika kalibu. Wamakonde wamezitenga kazi hizi hata kwa watu wake, kwa maana vyungu hufinyangwa na wanawake, na miti huchongwa na wanaume. Na hata leo mwanamke mwenye tezo pale Mwenge ni wa kutafutwa.

Neno kinyago nalo lina habari yake. Ni ndugu wa unyago, na zamani maana yake ilikuwa kitu cha kutisha kilichotolewa mbele ya wari, au mtu aliyejivika umbo lisilo lake. Halikuwa pambo la mezani. Ndiyo maana methali yasema, Kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Wamakonde wa Msumbiji huita lipiko, na kwa wingi mapiko, kile kinyago chepesi ambacho mchezaji hukivaa kichwani kama kofia, akaangalia kwa kupitia kinywani mwake. Hubandikwa nywele za watu kwa nta, na wanawake na watoto hawapaswi kumjua aliye ndani. Watu hao husimulia pia ya kuwa kiumbe wa kwanza, akikaa peke yake porini, alichonga umbo kwa mti akalisimamisha nje ya makao yake, na usiku likageuka kuwa mwanamke. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa bondeni, akafa. Wa pili alizaliwa mahali palipoinuka, akafa naye. Wa tatu alizaliwa juu kabisa uwandani, akaishi. Basi kwa Mmakonde mama wa kabila alitoka katika mti uliochongwa, wala si katika udongo, na mwenye kusikia hadithi hiyo hatashangaa kwamba kazi hii ina heshima yake.

Mchongaji wa Mwenge huketi chini, akalishika pande la mti kwa nyayo za miguu ili mikono miwili iwe huru. Mpingo ni mzito hata huzama majini. Sehemu iliyo chini ya gome ni nyeupe ya manjano, na kiini ni cheusi. Fundi hodari huacha weupe huo mahali apatakapo, ukawa ukingo wa vazi au mvi za mzee. Kwanza hukata kwa shoka, kisha kwa tezo hutoa mapande makubwa, na wakati huo kinyago hakina uso bado; bega na goti ni mambo ya kukisia tu. Baada ya tezo ni patasi na nyundo, baada ya patasi ni tupa, kisha kisu kwa macho na midomo, na mwisho msasa. (Msasa, kwa asili, ni jina la mti wenye majani ya kukwaruza, ambayo watu waliyasugulia mbao kabla ya kufika karatasi za dukani, karatasi imerithi jina la jani.) Halafu hung'arishwa kwa nta au kwa rangi ya viatu. Mnunuzi na ajihadhari na rangi hiyo, kwani hufanya na kazi nyingine: mti mweupe mwepesi hupakwa ukauzwa kwa jina la mpingo. Akipime kinyago kwa mkono, tena akikwangue chini ya kitako, ambako muuzaji hakudhani mtu ataangalia.

Katika kazi ya namna hii kosa halifutiki. Fundi hana budi kulifuata. Inasimuliwa ya kuwa mwaka 1959 Samaki Likankoa, Mmakonde wa Msumbiji aliyekuwa akichonga hapa Dar es Salaam, alivunjikiwa na kinyago cha mtu wa kawaida alichokusudia kumpelekea Mohamed Peera, mfanyabiashara wa Kihindi wa mjini. Hakukitupa. Aliifuata ile kasoro, akakigeuza kuwa kiumbe wa porini ambaye Wamakonde humwita nnandenga. Peera akapendezwa, akaagiza vingine, na tangu hapo mtindo ukaenea kwa mamia ya mafundi.

Vinyago hivyo vikaitwa mashetani, na hapa ndipo lugha ilipofanya kazi yake. Neno shetani tulilipata kwa Waarabu, na kwa Mwislamu na Mkristo lina adui mmoja ndani yake, ijapokuwa waganga wa pwani nao walilitumia kwa pepo wa kupungwa. Viumbe wa Wamakonde hawakai vizuri katika neno hilo. Wako waovu, wako wema, na wako watani tu. Huyu ana jicho moja, huyu mguu mmoja, huyu masikio yamekuwa mabawa. Wana majina yao, lakini mnunuzi huambiwa "shetani" akaridhika. Mtindo wa pili ulipatwa na mambo yayo hayo. Roberto Yakobo Sangwani, naye mtu wa Msumbiji, alichonga watu waliobebana, mmoja juu ya mwingine, katika gogo moja, na mtindo huo uliitwa dimoongo, yaani nguvu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ukaitwa ujamaa, na leo mtu hudhani siasa ndiyo iliyouzaa.

Wala tusidhani ya kuwa viumbe hawa hawajapata kuuacha mti. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufa mwaka 2005, alianza na kuchonga. Kisha, akiwa katika Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa hapa mjini mwaka 1972, akawahamisha mashetani wake katika rangi na turubai, wakacheza, wakanywa, wakagombana kama watu wa mtaani. Hawakupotea kwa safari hiyo. Basi kuwapeleka katika kompyuta si ajabu kubwa. La kuuliza ni namna wanavyofika huko.

Kijana huanza na donge la mviringo katika kioo. Donge hilo kwa kweli ni wavu wa vipande vidogo vya pembe nne. Mchemraba una nyuso 6. Kila uso ukigawanywa mara nne zitakuwa 24, kisha 96, kisha 384, na kwa mgawanyo wa kumi zitapita milioni 6. Ndipo hupatikana makunyanzi ya ngozi na magamba ya joka. Mkononi ana kalamu isiyo na wino, naye huikandamiza juu ya bamba. Kadiri akandamizavyo ndivyo donge liinukavyo au lizamavyo. Programu ya ZBrush, iliyotokea mwaka 1999, ndiyo iliyoieneza kazi hii duniani. Lakini kwa vijana wengi tuliozungumza nao tuliikuta Blender, kwa kuwa tangu mwaka 2002 hutolewa bila malipo. Umbo likiisha kukamilika laweza kutiwa viungo likatembea katika filamu, au likachapwa kwa mashine iwekayo plastiki tabaka juu ya tabaka hata kikatokea kitu cha kushikika.

Kwa maelezo hayo twaona kitenzi chake ni kufinyanga. Donge huongezwa na kupunguzwa, na kilichoondolewa hurudishwa. Mahali pa kukata na kutoa mapande, neno kuchonga lisikataliwe. Wako vijana waliosita tulipowaambia hivyo, wakisema kufinyanga ni kazi ya vyungu, yaani ya mama zao. Hatukuona aibu iko wapi.

Lakini jina peke yake halitoshi. Chombo hicho kina mambo mawili ambayo tezo haina. La kwanza ni kutengua: kwa kugusa ufunguo kosa hufutika, kama kwamba halikuwapo, na kama Likankoa angalikuwa na ufunguo huo, mkono uliovunjika ungalirudi mahali pake na nnandenga asingalitokea. La pili ni kioo cha pande mbili: ukifanya jicho la kulia, la kushoto hujifanya lenyewe. Kwa uso wa mtu ni msaada mkubwa. Kwa kiumbe wa Kimakonde ni hasara, maana uhai wake uko katika kutolingana, na wengi huanza kazi kioo kikiwa wazi wasikumbuke kukifunga. Tena viungo vilivyokwisha kutengenezwa, ambavyo kijana huvipata bure katika intaneti, ni pembe za mbuzi na mabawa ya popo, na neno shetani humwongoza huko huko. Tumeonyeshwa "mashetani ya Kitanzania" ambayo hayakuzaliwa Newala wala Mueda. Kutoka Sinza hata Mwenge mtu huenda kwa miguu, na wazee wenye kuyajua majina wanaketi pale pale, ila hawaulizwi.

Na wakati si mrefu. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kabla ya kufaa kukatwa, nao hutakiwa pia na watengenezaji wa zumari za Ulaya. Tangu mwaka 2017 biashara ya miti ya jamii yake baina ya nchi na nchi imewekewa masharti, na katika wilaya ya Kilwa vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kuvuna msitu wao kwa kiasi. Hayo ni mema, lakini fundi wa Mwenge anunuaye gogo moja moja huona bei tu, na mwanawe huitazama bei hiyo naye, akachagua kompyuta. Hatumlaumu.

Kompyuta hiyo hiyo yaweza kutunza. Kinyago kikipigwa picha nyingi kwa pande zote, programu huziunganisha likapatikana umbo lake kamili. Mwaka 1984 kinyago kimoja cha uso cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa hapa Dar es Salaam; mwaka uliofuata kikanunuliwa Paris kwa ajili ya makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva; kikatambuliwa mwaka 1990, na kurudi nyumbani ni mwaka 2010. Umbo lililotunzwa ni shahidi mzuri katika mashauri kama hayo. Walakini picha huchukua umbo, haichukui jina, na makumbusho ya Ulaya yamejaa vinyago vyetu vilivyoandikwa "Makonde" bila neno la pili.

Kwa hiyo twawaomba wasomaji walioko Newala, Masasi, Mtwara na Mbagala watuletee maneno ya Kimakonde ya kazi hii: jina la pigo la kwanza la tezo, jina la pande lisilo na uso bado, na zaidi ya yote majina ya hao viumbe wa porini, kila mmoja na umbo lake, na kama ana jicho moja, ni la upande gani. Tutayapokea hata yakiwa mawili tu, nasi tutayapeleka Sinza wenyewe.