Ukinunua msumeno wa mitini uliotumika, kagua breki kabla ya bei

WAHENGA walinena kuwa kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Usemi huo unamfaa kila anayenuia kununua msumeno wa injini uliokwisha kutumika ili akapogoe miti akiwa juu yake.

Gotu, katika Kaunti ya Isiolo, ni miongoni mwa mahali ambapo hitaji hilo hujitokeza. Migunga na mikoma iliyoota kandokando ya Mto Ewaso Nyiro si kuni tu. Huwapa watu na mifugo kivuli, na maganda ya mgunga ni lishe ya mbuzi wakati wa kiangazi. Tawi likiinamia paa la nyumba au darasa, busara ni kulikata tawi na kuuacha mti ukiwa hai.

Msumeno uliobuniwa kwa kazi hiyo una mpini juu ya injini badala ya nyuma. Ni mfupi na mwepesi, hivyo humwezesha mpandaji kuugeuza kati ya matawi. Stihl MS 200 T, kwa mfano, una injini ya sentimita 35.2 za ujazo. Nafasi yake kiwandani ilichukuliwa na MS 201 T, lakini ule wa zamani ungali unatafutwa na mafundi wengi, na kwa sababu hiyo umeigizwa sana. Husqvarna na Echo pia hutengeneza misumeno ya aina hii.

Wepesi huo ndio hatari yake. Mpini wa juu humshawishi mtu kukata kwa mkono mmoja, na ncha ya msumeno ikigusa kuni kwa upande wake wa juu, mashine huruka ghafla kuelekea usoni. Ikiwa kazi yako ni kukata magogo chini, chagua msumeno wenye mpini wa nyuma.

Anza ukaguzi mashine ikiwa baridi. Gusa injini: ukiipata ina joto, huenda muuzaji aliiwasha mapema ili kuficha ugumu wake wa kuwaka. Hakikisha kwamba kifyatuo cha mafuta hakibonyezeki mpaka kitufe cha usalama kilicho juu ya mpini kibonyezwe kwanza. Tazama kama kipo kile kijino kilicho chini ya mnyororo, ambacho huudaka ukikatika. Chunguza mipira na springi zinazopunguza mtikisiko, na mipira ya kupitishia petroli, ambayo hupasuka kwa uzee.

Kisha pima nguvu ya injini. Usipokuwa na geji, zima mashine, funika mnyororo, halafu uiinue kwa kishikio cha kamba ya kuwashia. Injini nzima huteremka polepole kwa kushtukashtuka. Iliyochoka huanguka moja kwa moja. Muuzaji akikubali, fungua bomba la moshi uimulike pistoni kwa tochi. Mikwaruzo ya kutoka juu kwenda chini ni dalili kwamba mashine iliwahi kuendeshwa bila oili ya kutosha, na ukarabati wake ni wa gharama kubwa.

Sasa iwashe. Ikinguruma taratibu, mnyororo haupaswi kuzunguka hata kidogo. Funga breki kwa kusukuma ngao ya mkono mbele, kisha ongeza mafuta kwa muda mfupi sana. Mnyororo ukizunguka, rudisha mashine kwa mwenyewe hata kama bei inavutia. Elekeza ncha kwenye karatasi nyeupe na uongeze mwendo; matone ya oili yakionekana, pampu inafanya kazi. Iache ipate moto, izime, uiwashe tena. Inayokataa kuwaka ikiwa moto itakusumbua ukiwa umening'inia kwenye kamba.

Kwa mkazi wa Gotu kuna mambo mawili zaidi. La kwanza ni vumbi. Fungua chujio la hewa: ukikuta mchanga umepita hadi ndani kwenye kabureta, jua kwamba pistoni nayo imekwisha kusagwa. La pili ni vipuri. Uliza kwanza mafundi wa mjini Isiolo ni aina gani wanayoweza kuihudumia, kwa maana msumeno usio na vipuri ni chuma chakavu. Muulize muuzaji pia alikuwa akichanganyaje petroli na oili. Kwa mashine nyingi za kisasa, kiwango ni mililita 20 za oili bora kwa kila lita ya petroli.

Hatimaye, linganisha nambari iliyo kwenye mashine na iliyo katika stakabadhi. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 322, humtia hatiani anayepokea mali huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kuwa ni ya wizi. Uliza pia afisi ya Huduma ya Misitu nchini (KFS) kuhusu vibali kabla ya kukata.

Katika hesabu yako, tenga fedha za mnyororo mpya, kofia, miwani, suruali ya kinga na kamba za kupandia. Ikiwa bei ya msumeno itamaliza fedha hizo zote, huo bado ni ghali kwako, hata kama jirani anauita rahisi.