Kabla ya Kuchagua Njia, Tazama Upepo

Kundi likipanga kutembea kwa baiskeli kutwa nzima kutoka Dar es Salaam, ubishi huanza kwenye mandhari: twende Bagamoyo au Kimbiji? Njia zote mbili ni nzuri mno. Kwa watu wa nguvu tofauti, hata hivyo, la kutangulia ni kujua upepo wa msimu unatoka wapi. Huo ndio utakaoamua kama mchana mtafurahia bahari na minazi, au kila mtu atainamisha kichwa akihesabu nyufa za lami.

Manahodha wa majahazi waliishi kwa elimu hii. Kati ya Mei na Septemba pwani yetu hutawaliwa na kusi, utokao kusini-mashariki. Desemba hadi Machi ni zamu ya kaskazi, utokao kaskazini-mashariki.

Sasa chukua ramani. Kutoka Mwenge kupitia Tegeta, Bunju, Mto Mpiji na Mapinga hadi Bagamoyo, takriban kilomita 60, barabara inaelekea kaskazini-magharibi. Wakati wa kusi mtasukumwa kutoka mgongoni, na kila mmoja atajiona bingwa. Mtafika magofu ya Kaole mkicheka. Kazi ni kurudi. Ukiendesha kilomita 20 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 15, hewa inakugonga kwa kasi ya 35, na nguvu yake ya kukurudisha nyuma ni mara 3 ya siku tulivu. Hayo yanakukuta umechoka, jua la mchana liko utosini, na malori yanakupita kwa karibu.

Kwa hiyo miezi ya kusi mimi nashauri Kigamboni. Vukeni na pantoni ya Magogoni alfajiri, mpite Mjimwema na Gezaulole kwenda Kimbiji. Upepo mtapambana nao asubuhi mkiwa na nguvu, mkipokezana kukaa mbele, maana anayefuata gurudumu la mwenzake kwa karibu hupunguziwa robo ya kazi au zaidi. Jioni kusi inawarudisha nyumbani.

Kaskazi ina hila yake: hupiga ubavuni. Mkienda Bagamoyo upepo unatoka baharini, kulia kwenu, na bila kujua kila mwendeshaji huegemea kulia kuukabili. Lori likipita upande huohuo, upepo hukatika ghafla, na baiskeli huyumbia kwenye lori lenyewe. Shikeni usukani kwa mikono miwili, lakini msiukaze, na acheni nafasi ya kutosha kati yenu. Wakati wa kurudi upepo uko kushoto, hivyo kivuli cha upepo, yaani pale mwenzako anapokukinga, kinaangukia kulia nyuma yake, katikati ya barabara. Hapo msitafute kivuli kabisa. Pangeni mstari mmoja, mpunguze mwendo, aliye dhaifu asiachwe nyuma.

Viongozi wa misafara, nawaomba sana: Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza kila siku mwelekeo na kasi ya upepo wa pwani. Usomeni utabiri huo jioni ya kuamkia safari, na mkiona upepo umegeuka, badilisheni njia hata kama watu wameshazoea wazo la Bagamoyo.