Baada ya Pensheni, Nani wa Kucheza Naye Dama?

Wanaume wengi wa Taita Taveta huondoka nyumbani wakiwa vijana, wakarudi wakiwa na miaka 60. Miaka ya katikati wameimalizia bandarini Mombasa, relini, jeshini, katika maofisi ya Nairobi, au wakifundisha shule za mbali ambako kila mtu aliwaita Mwalimu tu. Nyumbani walikuja Krismasi au Idi, na kwenye mazishi. Nyumba waliijenga kwa mkopo wa sacco, wakiwaelekeza mafundi kwa simu, na siku ya kustaafu ikifika nyumba huwa imeezekwa, imepakwa rangi, tangi la maji limekaa juu ya mnara wake. Wanachokosa ni watu.

Majuma ya kwanza hayana shida. Jamaa wanakuja kusalimu, wengine na haja zao. Baadaye ugeni unakatika. Mstaafu anagundua kwamba wale aliosoma nao Wundanyi au Mwatate wametawanyika, baadhi wameshazikwa, na majirani wanamfahamu kwa michango aliyokuwa akituma kuliko wanavyoifahamu sura yake. Mkewe hana tatizo hilo. Yeye alibaki nyumbani, au alirudi mapema, naye ana chama cha Alhamisi, ana jumuiya ya kanisani au darsa ya akina mama msikitini, ana wenzake wa shambani waliosaidiana kupalilia tangu watoto wakiwa wadogo. Akijitanda leso na kuaga, mume hubaki na redio. Ikifika saa kumi anatembea hadi barabarani kutazama matatu zikipita, kisha anarudi.

Nayaandika haya kwa sababu naamini yana dawa, tena ya bei nafuu. Kinachotakiwa ni klabu ya wanaume waliostaafu yenye siku yake moja kila wiki, mahali pake pasipohamahama, na kazi ya mikono ya kufanya pamoja. Hilo la kazi ndilo msingi, na ndilo vikundi vyetu vingi vinalolisahau.

Tazama hesabu ya miaka. Mwaka 2009 serikali ilipandisha umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma kutoka 55 hadi 60. Pesa za mpango wa serikali wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, ni za mzee aliyetimiza 70. Katikati hapo kuna muongo mzima ambao mtu bado ana magoti ya kupanda kilima cha Sagalla na akili ya kuendesha shule, ila hakuna ofisi inayomngojea asubuhi. Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 inampa mwenye umri wa miaka 60 haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuendelea kujiimarisha yeye mwenyewe. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 340,671 katika kaunti hii, na Kenya nzima wenye miaka 60 kwenda juu walikuwa takriban milioni 2.7. Kwa watu wengi kiasi hicho, haki ya kushiriki inahitaji mahali pa kushirikia.

Tena upweke unaua, na hilo limepimwa. Mwaka 2010 watafiti walijumlisha matokeo ya tafiti 148 zilizohusu watu zaidi ya 308,000, wakakuta kwamba wenye uhusiano imara na wenzao walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kubaki hai, kwa asilimia 50, kuliko wale waliojitenga au kutengwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2025 ilisema mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na upweke, na ikakadiria kuwa upweke unahusishwa na vifo 871,000 kila mwaka. Kwetu mjini Voi mambo haya hujificha nyuma ya majina mengine. Mzee huambiwa ana presha, au sukari imepanda, akapewa dawa na kuelezwa apunguze chumvi na atembee. Atembee na nani, hilo halimo kwenye cheti.

Mtu atasema wanaume wa hapa wana vikundi tayari. Ni kweli, na wala hawajawahi kukosa ustadi wa kujipanga. Taita Hills Association iliyoongozwa na Woresha Mengo ilisimama kidete dhidi ya unyang'anyi wa ardhi, hata serikali ya kikoloni ikaipiga marufuku mwaka 1940 na kuwafunga viongozi wake. Leo kuna baraza la wazee la Njavungo, kuna kamati za maji, bodi za shule, mabaraza ya kanisa. Lakini kikundi cha kawaida cha wastaafu kimejengwa juu ya mazishi. Wanachama wanachanga kila mwezi, mwenzao akifa au akifiwa wanatoa pesa, wananunua jeneza, wanakodi basi, wanavaa sare. Nakiheshimu kikundi cha aina hiyo, maana kimeziokoa familia nyingi na aibu na madeni. Ila nimeona wanaume waliochangiana miaka mingi ambao hawajui mwenzao anapenda nini. Wanakutana kwenye makaburi, wanasomewa taarifa ya mweka hazina, wanaagana.

Mahali pengine panapobaki ni kilabu cha pombe ya mbangara. Huko wanaume huzungumza kweli, na sitawalaumu wanaokwenda, kwani huko ndiko wanakokaribishwa bila kuulizwa. Lakini pensheni ya mwezi ikianza kupitia hapo, haichukui muda kabla ya nyumbani kuingia maneno, na mwili wa miaka 65 hauvumilii kama ulivyovumilia wa 30.

Sasa niirudie kazi. Wanaume hawawi marafiki kwa kuitwa ukumbini waketi kwenye viti vya plastiki na kuambiwa wafahamiane. Urafiki wao wa zamani ulizaliwa pembeni mwa shughuli nyingine, kwenye zamu ya usiku ya stesheni, ndani ya lori la jeshi, katika chumba cha walimu wakisahihisha mitihani. Kazi ilipoondoka iliondoka na marafiki. Waaustralia waliliona hili mapema. Mwaka 1998 katika mji mdogo wa Tongala, jimbo la Victoria, ilifunguliwa karakana ya wanaume, ambapo wastaafu walikuja kuranda mbao na kutengeneza vitu vilivyovunjika. Karakana kama hizo sasa zinazidi 1,000 nchini humo, na zimeenea hadi Uingereza na Ireland. Mtu anakuja kwa ajili ya msumeno, anaondoka ameshamweleza mwenzake habari za mkewe mgonjwa, na wote wawili walikuwa wanatazama ubao.

Karibu nasi zaidi, Zanzibar ina JUWAZA, jumuiya ya wastaafu na wazee, na visiwa hivyo vilianza kuwalipa wazee wote waliofikia miaka 70 pensheni ya jamii mwaka 2016, shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi. Zanzibar pia ina desturi ambayo ningependa sana Voi iige, nayo ni vikundi vya mazoezi. Watu wa mitaa hukutana alfajiri kukimbia polepole na kunyoosha viungo, na kila tarehe 1 Januari vikundi hivyo hukusanyika kwa siku ya mazoezi ya kitaifa. Humo hakuna anayeulizwa umri.

Kwa Voi zoezi la kwanza ni kutembea. Jua la hapa halina mzaha, kwa hiyo saa ya kutembea ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na saa tatu kila mtu awe kivulini. Njia nayo ichaguliwe kwa busara. Mji umepakana na hifadhi ya Tsavo Mashariki, na ndovu huingia hadi mashamba ya pembezoni. Hakuna sababu ya wazee kwenda vichakani gizani wakati kuna barabara za mjini kuanzia Mwakingali hadi Sofia, na kuna uwanja wa michezo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu wa miaka 65 na zaidi apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kujimudu asianguke siku tatu au zaidi. Kusimama kwa mguu mmoja huku umeshika bega la mwenzako ni zoezi zuri la kujimudu, na bega lazima liwe la mtu.

Kisha kuna dama. Ubao ni kipande cha plaiwudi kilichochorwa miraba, na kete ni vifuniko vya soda, vya mmoja vimelala kifudifudi na vya mwingine chali. Kete ikifika mstari wa mwisho huwekewa kifuniko cha pili juu, ikawa kingi. Wachezaji ni wawili, lakini mchezo ni wa wote waliosimama nyuma yao, wanaonong'ona, wanaoguna, wanaomshika mtu mkono kabla hajaharibu. Keti hapo nusu saa usikilize. Katikati ya mchezo mmoja atasema, macho yangali kwenye ubao, kwamba wiki hii sukari yake imegoma kushuka. Mwingine atasukuma kete yake na kumwambia kliniki anayokwenda yeye ni siku gani. Wataendelea kucheza. Jumatano wataonekana wameongozana kwenye foleni ya Hospitali ya Rufaa ya Moi.

Na kwa wenye hamu ya kazi nzito kidogo, kaunti hii imejaa kazi. Kule Sagalla, wakulima na watafiti wamekuwa kwa zaidi ya muongo mmoja wakizuia ndovu kwa uzio wa mizinga ya nyuki. Mizinga hutundikwa kwenye nguzo, kila mmoja mita 10 kutoka kwa mwenzake, ikaunganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye ndovu huwaogopa nyuki. Utafiti uliofanywa huko ulionyesha kuwa uzio huo uliwazuia hadi asilimia 80 ya ndovu waliokaribia mashamba. Lakini uzio haujitunzi wenyewe. Waya hulegea, nguzo huliwa na mchwa, mizinga huhamwa wakati wa kiangazi, nyegere huja kuiba asali. Ni kazi ya kuzungukia na kukagua, ya watu wawili wawili wenye muda na subira, na wastaafu wana vyote viwili. Asali wauze.

Juu vilimani, vipande vya msitu wa asili kama Ngangao, Mbololo na Chawia vimebaki vidogo, na ndege kama kurumbiza wa Taita hawapatikani popote pengine duniani. Kitalu cha miche ya miti ya asili kinahitaji mtu wa kumwagilia kila siku. Mzee wa Wundanyi aliyeacha kazi ya ukarani anaweza kujua miche yake kama alivyojua mafaili yake, na mwalimu mstaafu ataleta watoto wa shule kuja kupanda.

Kuna jambo moja linalovunja klabu za namna hii, nalo ni cheo. Voi ni mji wa reli. Njia kuu iliupitia mwishoni mwa karne ya 19, tawi la kwenda Taveta likajengwa wakati wa vita vya 1915 na 1916, na reli ya SGR ikazinduliwa Mei 2017. Kwa sababu hiyo mji una Wadawida, Wasagalla, Wakamba, Waswahili, Wajaluo, Wasomali, kila mmoja na historia yake. Aliyekuwa mkurugenzi anaishi mtaa mmoja na aliyekata mkonge miaka 30 na kulipwa akiba yake ya NSSF ya mkupuo mmoja ikaisha. Mkurugenzi anaona aibu kuketi bila gari lake la kazi. Mkata mkonge anaona aibu kuitwa mahali ambapo atatakiwa kuchanga. Kila mmoja anabaki kwake. Hapo ndipo adabu ya kwetu inasaidia. Wote waitane mghosi, yaani mzee, na vyeo vya zamani viachwe langoni. Ada iwe ndogo kiasi cha kumudiwa na aliye chini kabisa, shilingi 50 za chai na maandazi, na asiye nayo anywe vivyo hivyo. Mfuko wa mazishi, kama lazima uwepo, uwe na daftari lake na siku yake, usiingie siku ya dama.

Aliyefiwa na mke afuatwe nyumbani. Yeye ndiye anayejitenga haraka kuliko wote, na hatakuja kwa tangazo la kanisani. Watu wawili wampitie asubuhi wakiwa tayari wamevaa raba za kutembelea.

Kikundi kikishatulia kisajiliwe katika ofisi ya maendeleo ya jamii, chini ya sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022, ili kiweze kufungua akaunti na kuomba ardhi ya kitalu. Serikali ya kaunti ikitaka kusaidia, itoe kibali cha kutumia uwanja asubuhi, choo kinachofunguliwa, na muuguzi mara moja kwa mwezi aje na mashine ya presha. Uchaguzi ni Agosti 2027, na wagombea watakuja na fulana na bahasha mara watakaposikia kuna wazee 40 wanaokutana kila wiki. Bahasha irudishwe. Mgombea mwenyewe, kama ana miaka 60, aandikishwe zamu ya kumwagilia miche kama wenzake.