Pai ya Matunda ya Kihamba katika Siku za Noeli

Kila mwaka, kuanzia katikati ya Desemba, barabara ya kuja Moshi hujaa mabasi na magari ya wana wa Kilimanjaro wanaorudi nyumbani kwa ajili ya Noeli. Na tangu Desemba 2019 hata treni ya abiria kutoka Dar es Salaam imerejea. Wanapanda Kibosho, Uru, Kilema, Marangu na Rombo. Wanaungama, wanahudhuria Misa ya Mkesha, wanachinja. Hayo yote ni mema. Lakini wazee walioko mlimani wanaujua pia upande wa pili: sikukuu yenyewe ikifika, familia hutawanyika ndani ya boma moja. Wanaume huketi kwenye mbege, akina mama hubaki jikoni, vijana huinamia simu, na bibi aliyewangoja mwaka mzima huishia kuwatazama wakipita uani. Baada ya Mwaka Mpya, wamekwenda.

Tunapendekeza jambo dogo. Katika mojawapo ya siku nane za Oktava ya Noeli, yaani kati ya 25 Desemba na 1 Januari, familia iketi pamoja na kuoka pai ya matunda. Pai si chakula cha asili cha Wachagga, wala haiwezi kuchukua nafasi ya mtori, kiburu au machalari. Faida yake ni kwamba inahitaji mikono mingi na haina fundi wake: hakuna anayeweza kusema kuwa hiyo ni kazi ya mama peke yake.

Msingi wa imani haukosekani hapa. Bethlehemu kwa Kiebrania maana yake ni nyumba ya mkate, na Mtakatifu Gregori Mkuu aliligusia jambo hilo alipohubiri Noeli: aliye Mkate wa uzima alizaliwa katika mji wenye jina hilo. Tena alilazwa horini, mahali pa kulishia wanyama. Ndiyo maana unga na meza vina nafasi katika sherehe hii.

Wakristo wa kwingineko wamelifahamu hilo kwa muda mrefu. Huko Ufaransa, chimbuko la Shirika la Roho Mtakatifu lililofungua misioni ya Kilema mwaka 1890, familia huoka keki ya wafalme kwa ajili ya Tokeo la Bwana. Ndani yake hufichwa punje ya haragwe. Mtoto mdogo kuliko wote huingia chini ya meza na kutaja kila fungu ni la nani, naye atakayeikuta punje huvikwa taji la karatasi. Kwa desturi ya kale, fungu moja lilitengwa kwa ajili ya maskini atakayebisha hodi. Mchagga hatalishangaa hilo, kwa kuwa hata mbuzi akichinjwa kwetu, kila kipande kina mwenyewe.

Matunda yasitafutwe mbali. Matufaha ya dukani ni ghali, na mengi husafiri kutoka Afrika Kusini. Kihambani zipo ndizi. Chukua tano za kisukari zilizoiva hata ganda likaingia madoa. Ongeza nusu ya nanasi, au embe, kwani Desemba ni msimu wake. Nanasi lipikwe kwanza peke yake mpaka maji yakauke, la sivyo pai italowa chini. Changanya na ndizi zilizokatwa, vijiko vitatu vya sukari, maji ya limau moja, iliki kidogo na kijiko kimoja cha unga.

Kwa ganda la pai, chukua vikombe viwili na nusu vya unga wa ngano, gramu 200 za siagi na chumvi kidogo. Siagi ivunjwevunjwe ndani ya unga kwa ncha za vidole, kisha yaongezwe maji baridi, kijiko kimoja kimoja, mpaka unga ushikane. (Maji ya mfereji wa mlimani asubuhi yanafaa kabisa; hapahitajiki friji.) Usiukande kama unga wa chapati. Ukikandwa sana huwa mgumu, lakini vipande vya siagi vikibaki huyeyuka motoni na kuacha matabaka laini. Gawanya donge mara mbili, sukuma, tandaza nusu katika sufuria ndogo iliyopakwa siagi, weka matunda, funika kwa nusu ya pili na kuitoboa katikati ili mvuke utoke.

Asiye na oveni atumie jiko la mkaa kama kwa keki. Weka mchanga mkavu katika sufuria kubwa, uache upate moto, kisha ingiza sufuria ya pai na kufunika. Makaa machache yawe chini, mengi yapaliwe juu ya mfuniko. Baada ya dakika 45 hivi ganda litakuwa la rangi ya kahawia. Vijana wapewe kazi ya kulinda moto, nao waonywe wasifunue ovyo.

Kabla ya kukata, baba au babu aongoze sala ya mezani. Papa Fransisko katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015 aliwaomba waamini wairudie desturi hiyo, kabla ya chakula na baada yake. Pai ikatwe kwa idadi ya waliopo na kuongeza kipande kimoja. Mjumbe wa Jumuiya Ndogo Ndogo anajua ni nyumba ipi mwaka huu haikupata mgeni. Kipande hicho kipelekwe huko kikiwa bado cha moto, na anayekipeleka aketi kidogo asirudi mbio.