Kifaa kibovu ndani ya waranti: nauli ya parseli ni ya nani?

Mkazi wa Wundanyi au Taveta akinunua simu, redio au runinga mtandaoni, mara nyingi mzigo hutoka Nairobi. Ukiharibika baada ya wiki mbili, muuzaji hukubali kuutazama, ila kwa sharti: "Utume, na gharama ni yako." Wengi huamua kuachana nao, hasa kama nauli ya kwenda na kurudi inakaribia nusu ya bei ya kifaa chenyewe.

Kabla hujakata tamaa, fahamu haki zako. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, na kufidiwa hasara inayotokana na kasoro. Chini ya Sheria ya Kuwalinda Wateja ya 2012, muuzaji huhesabiwa kuwa amehakikisha ubora huo hata kama karatasi ya waranti imenyamaza. Maneno ya kuifuta haki hiyo hayana nguvu, likiwemo lile bango maarufu la "mali ikiuzwa hairudishwi".

Sasa nauli. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa (Sura ya 31) inasema mnunuzi mwenye haki ya kukataa bidhaa halazimiki kuirudisha. Yatosha kumjulisha muuzaji kwamba ameikataa. Ila usikawie. Ukikaa na kifaa muda mrefu bila kulalamika, utahesabiwa umekipokea. Hapo unabaki na haki ya kudai fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na kasoro, na nauli ya parseli unaweza kuijumlisha katika dai hilo.

Tahadhari: sheria hiyo inaruhusu pande mbili kukubaliana vingine kuhusu kurudisha. Ndiyo maana yale maandishi madogo kwenye masharti ya waranti yasomwe kabla ya kulipa. Simu iliyoanguka au kuingia maji ni shauri jingine, na ukimpa fundi wa mtaani aifungue kwanza, umempa muuzaji kisingizio.

Toa malalamishi kwa maandishi, hata kwa WhatsApp, si kwa kupiga simu tu. Rekodi video ya hitilafu. Hifadhi risiti, ujumbe wa M-Pesa na stakabadhi ya parseli, kisha mtake muuzaji agharamie usafirishaji.

Akikataa, wasilisha malalamishi kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Mahakama ya Madai Madogo nayo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, huhitaji wakili, na kesi inapaswa kuamuliwa ndani ya siku 60. Kwa muuzaji aliye hapa kwetu, anza na idara ya biashara ya kaunti, kwani kusimamia biashara ya haki ni jukumu la kaunti chini ya Katiba.

Ukinunua simu iliyotumika kutoka kwa jirani asiye mfanyabiashara, hakikisho hilo la ubora kwa kawaida halikuhusu. Ijaribu mbele yake kabla ya kutoa pesa.